Mechi Moja ya Pelechaty

Port Alder, Oktoba 11

Naziomba radhi kurasa hizi. Mara ya mwisho niliandika mwezi wa Aprili, siku tuliyotolewa katika mtoano, kisha nikanyamaza. Sina udhuru wa maana. Kiangazi chote sikujua kama ningepewa mkataba mwingine, na mtu asiyejua kama ana kazi huona haya hata mbele ya karatasi. Marehemu baba, ambaye alifundisha sarufi katika shule ya mabruda kule Abitibi mpaka akastaafu, alishikilia kwamba anayeandika shajara na kuruka siku za aibu hajaandika shajara. Kwa hiyo naanza upya, na nitajitahidi kutoruka.

Mkataba nimepewa, wa msimu mmoja. Nina miaka thelathini na minane. Mitaani huo ni ujana. Kwenye hoki ya barafu ni uzee, na wenzangu huniita Mzee bila utani wowote. Mimi ni beki, na ndimi nahodha. Nimechezea miji ambayo baadhi yake nimeisahau majina, daima daraja la pili au la tatu. Juu yetu iko Ligi Kuu, inakocheza klabu mama inayotumiliki. Sisi ni ghala lake la akiba. Ikipungukiwa na mtu, hutupigia simu. Mimi sijapigiwa hata mara moja.

Leo nimeletewa mwenza mpya wa kucheza naye nyuma. Anaitwa Darcy Pelechaty, mtu wa Saskatchewan, miaka thelathini na mitano, mabega kama mlango. Yeye amecheza mechi moja ya Ligi Kuu. Moja tu. Nilipompa mkono hilo ndilo jambo la kwanza nililolifikiria, na la pili, na la tatu.

Oktoba 13

Daktari wa timu ametupima ubongo. Kila mwanzo wa msimu tunaketishwa mbele ya kompyuta, tukumbuke maneno na maumbo, ili mtu akigongwa kichwa baadaye wapate alama za kulinganisha. Sisi wakongwe hufanya vibaya makusudi. Alama za mwanzo zikiwa duni, hata ukigongwa utaonekana hujabadilika, nawe utaruhusiwa kucheza. Hakuna aliyetufundisha, kila mmoja hujifunza baada ya kukosa mechi mara moja.

Pelechaty aliketi karibu nami.

"Mzee," aliniambia kwa sauti ya chini, "umejitia ujinga kiasi gani?"

"Wa kutosha."

"Mimi leo niko sawasawa na kiazi."

Nilicheka. Nilijikasirikia kwa kucheka.

Oktoba 14

Mvua kutoka ziwani. Mazoezi.

Oktoba 20

Safari ya basi, siku nzima. Wakongwe tunakaa nyuma, na Pelechaty amepewa kiti cha dirishani bila kukiomba. Brolund, kipa wetu, Mswidi asiyejua kufunga mdomo, ndiye aliyemchokoza.

"Hebu tupe ile mechi yako, Darcy."

"Mmeshaisikia."

"Hawa wapya hawajaisikia. Usijifanye una haya, bwana. Haya umeitoa wapi wewe?"

Basi akaisimulia. Iko desturi katika Ligi Kuu: mchezaji anayeingia kwa mara ya kwanza hutangulizwa kwenye barafu wakati wa kupasha misuli moto. Yeye hutoka mbio akidhani wenzake wako nyuma yake, kumbe wamesimama mlangoni. Huzunguka uwanja peke yake, kichwa wazi, mbele ya watu wote.

"Nimegeuka kuangalia nyuma, hakuna mtu," Pelechaty alisema. "Nikajua wameniachia. Nikazunguka polepole, raha ile isiishe. Baba yangu alikuwa juu kabisa, nyuma ya nguzo, amevua kofia yake ameishika hivi."

Kisha mmoja wa wale wapya akageuka kwangu kwa heshima zote.

"Na wewe, Mzee, ulizungukaje?"

"Mzee anazunguka na basi," Brolund alimjibu. "Kila kituo anakijua."

Walicheka. Nilimwambia yule kijana kwamba mtu huulizwa kwanza kama amecheza, ndipo aulizwe alichezaje. Wakaacha kucheka, nami nikajua nimekosea zaidi kuliko kama ningecheka nao.

Ninachokiona ni wivu. Sitatafuta neno lingine lenye adabu zaidi.

Oktoba 29

Sheria ya ligi yetu inaweka kikomo cha wakongwe wanaoweza kuingia mechi moja, na tangu aje Pelechaty tumezidi mmoja. Leo aliyezidi nilikuwa mimi. Nahodha nimeketi jukwaani nimevaa suti na tai, mkononi nina bisi. Mama mmoja mwenye skafu ya timu yetu aliniinamia.

"Umeumia, mwanangu?"

"Hapana, mama. Mimi mzima."

"Aa. Basi pole zaidi."

Novemba 2

Theluji ya kwanza. Haikukaa.

Novemba 9

Mke wangu Ghislaine amekuja kwa siku mbili. Yeye na watoto wanaishi Val-d'Or. Nilikwisha kuwahamisha mara nyingi mno, akasema basi. Pelechaty alisikia amekuja akajialika mwenyewe, amebeba sufuria la pirohi, vifuko vya unga vyenye viazi na jibini ndani, alizozipika kwa mkono wake, kama wanavyopika kwao. Ghislaine alicheka tangu sahani ya kwanza mpaka ya mwisho. Sijamsikia akicheka hivyo mezani pangu kwa muda mrefu.

Alipoondoka mgeni, mke wangu alianza kukusanya vyombo.

"Mbona umenuna?"

"Sijanuna."

"Umenuna tangu pirohi."

"Mtu anakula ameegemeza viwiko mezani."

"Normand, mtu mzima ovyo. Unamwonea wivu."

"Wivu wa nini?"

"Mimi ndiye ninayekuuliza."

Nilifuta vyombo. Vilikuwa vikavu.

Novemba 23

Lazima niandike hili pia. Leo nilipoteza kisahani, kile cha mpira tunachokipigania, mbele ya lango letu wenyewe. Kosa la mwanagenzi. Mpinzani alipiga, na Pelechaty alijitupa kikampata kwenye mbavu. Alirudi benchi akipumua kwa taabu. Kocha wetu, Lorne Tuttle, alipouliza ni nani aliyekipoteza, Pelechaty alijibu, "Mimi, kocha."

Ningependelea anishitaki. Sasa nina deni la wema kwa mtu nisiyempenda, na si kweli tena kwamba simpendi, na hilo linanichosha zaidi.

Desemba 1

Theluji. Tumeshinda.

Desemba 2

Theluji. Tumefungwa.

Desemba 14

Pelechaty amegongwa. Alikuwa ameinama ukutani kuchukua kisahani, na mshambuliaji akamjia kwa nyuma. Kofia iligonga kioo, na sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya barafu. Alilala kidogo, akanyanyuka, akapunga mkono, watu wakashangilia. Kule ndani daktari alimweka mbele ya kompyuta. Alama zilikuwa zilezile za Oktoba. Akaruhusiwa.

"Kiazi hakijawahi kushindwa mtihani," aliniambia akifunga kamba za viatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena.

Desemba 21

Tunaposafiri mimi naye tunalala chumba kimoja. Amevaa miwani ya jua tangu asubuhi. Anasema ni theluji inayong'aa. Mawingu yalikuwa mazito siku nzima.

Januari 8

Kipindi cha pili kilipoisha Pelechaty alikwenda kuketi kwenye benchi la wapinzani. Wao walicheka, sisi tukacheka, uwanja mzima ukacheka. Brolund alisema hajawahi kuona mzaha mzuri hivyo. Mimi niliuona uso wake alipogeuka. Hakukuwa na mzaha ndani yake.

Ningeweza kumuuliza. Badala yake niligundua kwamba amekuwa mzito, anachelewa kugeuka, na kwamba Tuttle ameliona hilo. Mechi mbili mfululizo ni yeye aliyeketi jukwaani kwa suti, na mimi nimecheza.

Nilifurahi. Naliandika hivyo kwa sababu ndivyo lilivyokuwa.

Januari 13

Mara mbili kwenye kifungua kinywa ameniuliza watoto wangu wana umri gani. Mara zote mbili nimemjibu.

Januari 22, ugenini

Leo asubuhi Tuttle aliniita kwenye mkahawa wa hoteli. Alikuwa ameagiza kahawa mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Keti, Mzee. Klabu mama wameumia mabeki watatu. Wanataka mkongwe mmoja kwa ajili ya Jumamosi. Hawataki mtoto, wanataka mtu aliyetulia. Wamemtaja Darcy. Wanasema ameshafika kule, hatababaika."

"Na asipokuwa Darcy?"

Alizungusha kikombe chake. "Asipokuwa Darcy nitawapa jina lako. Ningelitoa kwanza, kama wangenisikiliza mimi. Lakini hawanisikilizi mimi."

Moyo ulikuwa unanipiga kama wa mtu aliyeiba.

"Sasa nakuuliza, kocha kwa nahodha," Tuttle aliendelea. "Daktari anasema yuko sawa. Wewe unalala naye chumba kimoja. Yuko sawa?"

Asiyefanya kazi hii hawezi kujua swali hilo lina uzito gani. Jeraha la mwenzako si lako kulisema. Hakuna kanuni iliyoandikwa, lakini ndiyo kanuni pekee ambayo sijamwona mtu akiivunja akabaki kwenye chumba cha kubadilishia nguo na wenzake. Nimeisimamia mimi mwenyewe. Nimewakemea vijana waliotaja goti la mtu mbele ya mwandishi wa habari. Na sasa kuivunja ndiyo ilikuwa njia pekee ya kumtoa mtu hatarini, na njia hiyohiyo ilikuwa inaishia kwenye mlango wa Ligi Kuu ambao nimesimama mbele yake tangu nikiwa na miaka ishirini.

"Nipe mpaka kesho asubuhi," nilimwambia.

"Mzee, ungekuwa unajua yuko sawa ungeniambia sasa hivi."

"Nipe mpaka kesho."

Mchana, saa ambayo wote tunalala kabla ya mechi, nilirudi chumbani. Alikuwa amefunga mapazia na kujilaza chali, taulo machoni.

"Tuttle amekuita," alisema chini ya taulo.

"Ndiyo."

"Ni mimi au wewe?"

"Wewe. Ukiwa mzima."

Aliinuka taratibu, kama mtu aliyejitwika beseni la maji. "Mimi mzima."

"Leo tarehe ngapi?"

"Usinifanyie udaktari, Mzee."

"Tarehe ngapi, Darcy?"

"Januari."

"Januari ina siku nyingi."

"Mwanga unaniuma, basi. Ndiyo nini? Wewe goti halikuumi? Mgongo haukuumi? Mbona sijakwenda kumwambia mtu unavyoshuka kwenye basi kinyumenyume?"

"Goti si kichwa."

"Acha hizo. Sema unachotaka. Unataka nafasi yangu."

"Naitaka," nilimjibu. "Naitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na naona haya kusema hivyo nikiwa na mke na watoto. Lakini hata kama nisingeitaka, wewe ungekuwa mgonjwa vilevile."

Nilidhani amesinzia akiwa ameketi.

"Nikwambie kitu? Sikuzunguka," alisema.

"Hukuzunguka nini?"

"Ule mzunguko wa peke yangu. Ndege ilichelewa, theluji kama hii ya leo. Nafika uwanjani, watu wameshapasha moto, mashine inaosha barafu. Nimevaa mbiombio, nimeingia mara chache, tumefungwa mara mbili nikiwa ndani. Baba alikuwa nyumbani, na televisheni yao haikuipata mechi. Miaka yote hii nawadanganya watu, bwana. Sasa hata mimi nakiona kile kichwa chake nyuma ya nguzo." Alijishika paji la uso. "Nataka mara moja tu nicheze vizuri kule. Mara moja. Halafu nitakwenda kwa daktari yeyote umtakaye."

Nilidhani nikisikia jambo kama hilo wivu utaniisha. Haukuisha. Niliketi pale gizani mchana kweupe nikimwonea wivu hata kwa hayo mabao mawili aliyofungwa. Mechi mbaya ni mechi. Mimi sina hata mbaya.

"Ukigongwa tena Jumamosi?" nilimuuliza.

"Sitagongwa."

"Wale wana kasi mara mbili ya hawa wetu, nawe huwezi kuniambia tarehe."

"Mzee." Sauti yake ilishuka. "Nakuomba kama ndugu. Nyamaza tu. Hutasema uongo, utanyamaza tu."

Aliniomba jambo rahisi kabisa. Nimeishi kwa kunyamaza.

Jioni Tuttle alimpumzisha asije akaumia kabla ya Jumamosi. Nilicheza mimi. Walinisifu.

Januari 23

Nimesema.

Tuttle alikuwa amesimama karibu na basi, mizigo inapakiwa, theluji inamjaa mabegani. Nilikuwa nimejaribu kuzitenganisha sababu zangu mbili, ile safi niiweke huku na ile chafu kule, ili niseme kwa ajili ya moja tu. Hazikutengana. Nikaona kwamba nikingoja zitengane, Jumamosi itafika.

"Hayuko sawa," nilimwambia. "Tangu alipogongwa Desemba hayuko sawa. Hata kwenye benchi la wapinzani hakuwa anafanya mzaha. Mpeleke kwa daktari ambaye si wa timu."

"Kompyuta ilisema hajabadilika."

"Alama zake za Oktoba ni za uongo. Alifanya vibaya makusudi."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu zangu nazo ni za uongo."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani katika miaka yetu yote hajawahi kunitazama hivyo. Nimekuwa nahodha wake kwa sababu naheshimu kila mstari uliochorwa kwenye barafu.

"Na wewe umegongwa?"

"Msimu huu sijagongwa."

"Na uko tayari kwenda?"

Hapo ndipo ningeweza kusema hapana. Nikisema hapana, mikono yangu ni safi, na hakuna atakayeniita msaliti, wala mimi mwenyewe sitajiita. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Nikalimeza.

"Niko tayari," nilisema.

Daktari wa mji ule alimshika Pelechaty saa nyingi, basi likimngoja. Hachezi tena msimu huu. Kuhusu msimu ujao hakutaka kusema, na namna alivyokataa kusema ilikuwa jibu. Alisema pia kwamba pigo moja zaidi huenda lingemnyamazisha kabisa. Tuttle alituambia yote hayo ndani ya basi, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Hakutaja jina langu. Hakukuwa na haja.

Brolund alingoja basi liondoke.

"Nahodha," alisema, na hajawahi kuniita hivyo, "nasikia una safari. Hongera."

Hakuna aliyecheka. Viti viwili vya karibu nami vilibaki vitupu njia nzima, na ilikuwa njia ndefu.

Nilipofika nilimpigia Ghislaine. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio.

"Umefanya sawasawa," alisema.

"Kwa sababu ipi?"

"Sijui. Wala wewe hujui. Kula kitu ulale."

Januari 24, Port Alder

Theluji haijakatika tangu alfajiri, na uwanja wa ndege umefungwa mpaka mchana. Klabu mama hawajaamua. Waliposikia habari ya alama za uongo walitaka nipimwe upya, nikapimwa asubuhi hii, kwa akili zangu zote. Nimeonekana mzima. Lakini sasa wana shaka na mtu aliyekwisha kudanganya, na kuna kijana wa miaka ishirini na moja katika timu yetu, Sylvestre Auclair, ana miguu myepesi na hana la kuficha. Tuttle amewapa majina yote mawili. Ni yeye au mimi.

Kabla ya adhuhuri mlango wangu uligongwa. Alikuwa Pelechaty, miwani machoni. Mke wake alikuwa ndani ya gari, injini inanguruma. Wanarudi Saskatchewan.

"Wamekupigia?"

"Bado."

Alitikisa kichwa, akajutia kukitikisa, akashika fremu ya mlango.

"Jana nilikuchukia sana, Mzee."

"Na leo?"

"Leo kichwa kinauma. Siwezi kufanya mambo mawili kwa pamoja."

Nilimkaribisha ndani, akakataa. Alitazama viatu vyake.

"Ukienda, usimfuate mtu katikati ya uwanja. Wale wana kasi, watakuacha kama umesimama. Kaa karibu na ukuta, mngoje akujie. Mimi nilimfuata, mara zote mbili." Kisha akasema, "Na vijana usiwaambie lile jambo."

"Sitawaambia."

"Najua unajua kutunza siri," alisema, na sikuweza kuona macho yake nyuma ya miwani. Akaenda. Mke wake alimfungulia mlango wa gari kama anavyofunguliwa mtu mzee sana. Pelechaty ni mdogo wangu kwa miaka mitatu, na nilikumbuka kwamba mpaka juzi nilikuwa nikimwonea wivu hata kwa hiyo mitatu.

Begi langu liko tayari. Simu iko mezani. Nimemwona Auclair dirishani akipita barabarani, amevaa suti yake nzuri kwenye theluji ile, naye anangoja kama mimi, na nimemwonea wivu kwa kila hatua aliyopiga bila kuchechemea.

Uamuzi ukishatolewa nitaandika. Nikiitwa mimi, nitaandika nilivyofurahi, kwa kuwa najua nitafurahi. Akiitwa Auclair, nitaandika jina lake na wivu wangu, vyote viwili kwa mwandiko unaosomeka.